Hadithi Niliyompachika Mchonga Mihuri

Siku ya kuniaga, wenzangu walinipa zawadi ya kiti. Ni kiti kizuri cha mbao, kina mto wa buluu, na nadhani ilikuwa njia yao ya adabu ya kuniambia niketi sasa. Nimesimama miaka ishirini na sita nikiwaonyesha wageni mitaa ya Nairobi kwa miguu, na goti langu la kushoto limeomba ruhusa mara nyingi kabla yangu. Lakini vijana hawa hawakunipa kiti bure. Waliniomba nikikalie niandike makosa yangu, ili wao wasiyarudie. Nikawaambia hayatoshi kwenye daftari moja, wakasema niandike makubwa tu. Basi naandika hapa Kabiria, kwenye ploti ile ile aliyolima nyanya yangu, mzaa mama, kabla haijaota nyumba za kupangisha. Kosa kubwa kuliko yote lina jina la mtu, kwa hivyo nitalifikia polepole.

Aliyenifunza kazi ni Mzee Mutua. Kabla ya kutembeza wageni alikuwa tarishi, mtu wa kubeba barua na faili kutoka ofisi hadi ofisi, na alijua kila ngazi na kila mlango wa nyuma katikati ya jiji. Hakuwa na bendera wala kipaza sauti. Alikuwa na mwavuli mweusi, mvua inyeshe isinyeshe, na akiuinua kikundi kizima kilisimama kama mtu mmoja. Siku yangu ya kwanza alinikabidhi mwavuli huo na wageni tisa, akasema yeye atatembea nyuma na hatatia neno.

Nilikosea karibu kila kitu. Niliongea huku natembea, kwa hivyo walionisikia ni wawili waliokuwa mbele. Wengine walifaidi kisogo changu. Niliwasimamisha wakitazama jua, wakakunja nyuso muda wote nikidhani hawanipendi. Niliwavusha barabara bila kuwahesabu. Tulipofika bustanini niligeuka nikiwa nimejaa maneno hadi shingoni, nikakuta wageni wanane. Mzee Mutua naye hakuonekana. Baada ya robo saa alitokea akiwa na yule wa tisa, mama mmoja wa makamo, kila mmoja ana kipande cha hindi la kuchoma. Mama alikuwa ameingia hotelini kuomba choo, na mimi nikaendelea kuielezea hewa.

"Nyambura," Mzee Mutua akaniambia tulipomaliza, "wewe leo umetembeza maneno. Kesho tembeza watu."

Kesho yake nilianza upya. Waulizeni wageni habari za choo kabla hamjaondoka, hata wakiwa mabwana wakubwa. Jua likuchome wewe machoni, wao liwachome mgongoni. Hesabu kabla ya kuvuka na hesabu baada ya kuvuka, na usihesabu kwa kidole, maana kuna watu hawapendi kuhesabiwa kama mbuzi. Hesabu viatu ugawanye kwa mbili. Njia ya wazee iwe nusu ya ile uliyopanga. Na usizibe mlango wa mtu anayetafuta riziki. Hili la mwisho Mzee Mutua alilishikilia kuliko yote. Alipenda tusimame ng'ambo ya barabara, mbele ya duka lililofungwa, tuonyeshe kwa kidevu. Nililishika vizuri sana, na baadaye mtaona lilinifikisha wapi.

Miaka michache ikapita, nikaongeza matembezi ya upande wa magharibi: Kawangware, Riruta, kisha kwetu Kabiria. Huko nilijiona profesa. Asubuhi moja sokoni Kawangware, mgeni wangu alimpiga picha mama aliyekuwa anakata sukuma wiki. Yule mama aliweka kisu chini taratibu.

"Huyu mgeni wako hajanisalimia, hajanunua, na sasa ameniweka kwa simu," akasema. "Mwambie mimi si twiga."

Nilimwomba msamaha, picha ikafutwa mbele yake, na mgeni akanunua sukuma ambayo hakujua ataipikia wapi. Tangu siku hiyo hakuna aliyepiga picha ya mtu bila kuomba katika matembezi yangu. Niliwafunza wenzangu hivyo kwa majivuno. Nilidhani kosa lote liko kwenye kamera.

Sasa nifike kwa Mzee Zakayo. Zakayo alichonga mihuri ya raba chini ya ngazi za jengo moja la zamani River Road. Meza yake ilikuwa ndogo kama sinia la chai, na juu yake palikuwa na wembe, vipande vya raba, gundi na kidau cha wino. Alikata herufi kinyumenyume, kwa mkono, bila kuchora kwanza, na akigonga muhuri kwenye karatasi jina lilitoka limenyooka. Mihuri ya mashine ilishajaa mtaa huo, lakini makanisa madogo na vyama vya akina mama bado vilimwendea yeye. Mimi, kwa kutoziba ngazi, niliwasimamisha wageni ng'ambo, mikokoteni na vipaza sauti vya maduka vikipiga kelele kati yetu naye. Nikiinua mwavuli, yeye aliinua mkono wenye wembe kutusalimu. Hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yetu kwa miaka sita.

Mwanzoni nilieleza mihuri tu. Siku moja mgeni akaniuliza, "Na kwao huyo mzee ni wapi?" Sikujua. Mtembezaji asiyejua anapaswa kusema sijui. Ni neno jepesi, lakini kwa watu wa kazi yetu hukwama kooni kama mwiba wa samaki. Nikasema alikuja mjini akiwa kijana mwenye mfuko mmoja, akaapa hatarudi mpaka atajirike, hakutajirika, akasahau njia, na sasa kwao ni pale chini ya ngazi. Niliona nyuso zikilainika. Mama mmoja akafuta macho. Hadithi ikaajiriwa siku hiyo hiyo, na kila Jumamosi niliiongeza chumvi kidogo: mama mzee aliyemngoja mlangoni, barua zilizorudi bila kufunguliwa. Niseme ukweli, nilikuwa naifurahia.

Nataka mnielewe, hata msiponisamehe. Mimi ni mtu wa Kabiria. Nyanya yangu alizaliwa hapa, mama yangu alizaliwa hapa, na nyumbani kwangu ni mwendo wa kutoka kazini jioni. Desemba, majirani wanapofunga mizigo kwenda makwao magharibi ya Kenya, sisi hubaki kuwatunzia funguo na kulisha mbwa. Kumwambia mtu kwamba fulani hana kwao, kwangu yalikuwa maneno ya huzuni tu, ya kupamba safari. Sikujua kwamba kwa watu wa Zakayo, kule Vihiga, huko huko magharibi, mtu akienda Nairobi akanyamaza huko huitwa aliyepotea. Na aliyepotea huondolewa katika hesabu za boma. Hana pa kujenga, na siku yake ikifika watu hukuna vichwa wamlaze wapi.

Kisha wakaja akina mama wa kanisa moja kutoka Vihiga, waliokuwa mjini kwa mkutano wa siku tatu. Wageni wazuri, wenye kuuliza maswali na kubeba maji yao. Tulipofika River Road, Zakayo hakuwepo. Alikuwa amempelekea mteja muhuri wake, na meza imefunikwa gazeti. Nilisimulia kwa ufasaha wangu wote, na jina lake, nililolisikia kwa Mzee Mutua, nikalitaja. Mmoja wao, Mama Dorika, akaniangalia sana.

"Zakayo wa mihuri? Huyo ni wa kwetu," akasema. "Na ni yeye mwenyewe alisema hana kwao?"

Nilikuwa na nafasi ya kusimama hapo. Wote walikuwa wananitazama, na mwavuli uko juu.

"Ndiyo," nikasema. "Mwenyewe."

Wiki tatu baadaye nilipita River Road na kikundi kingine. Nikainua mwavuli. Zakayo hakuinua mkono. Alinionyesha ishara nivuke, na kwa mara ya kwanza katika miaka sita nikasimama mbele ya meza yake. Wageni walibaki ng'ambo wakitazama madirisha. Zakayo aliinuka, akanipa kigoda chake.

"Madam, keti kwanza," akasema. "Mimi na wewe tumekosana?"

"Hapana, Mzee."

"Sasa mimi nilikuambianga lini ati sina kwetu?"

Yeye alieleza polepole, kama mtu anayemweleza mteja kwa nini muhuri wake haujakauka. Baba yao alifariki mwaka uliotangulia. Jumamosi iliyofuata ndugu wangekaa kugawana shamba. Mdogo wake, Enosi, alikuwa amesema Zakayo asihesabiwe, kwa sababu amejikana mwenyewe mbele ya wageni Nairobi, na yupo mama wa kanisa aliyesikia.

"Na miaka tatu sijaenda Desemba," akasema. "Kwa hivyo hiyo maneno imewaingia kabisa."

"Kwa nini hujaenda, Mzee?"

"Jerusa, mke wangu. Alipigwa na kiharusi, upande mmoja umekufa. Hawezi kukaa kwa basi hiyo safari yote, na mchana jirani anamwangalia, lakini usiku hakuna mwingine wa kumgeuza kitandani. Huko nyumbani nasemanga tu ni mgonjwa."

Kisha akashika wembe wake, akauangalia, akaurudisha mezani.

"Hiyo siku zote nilikuwa nainua mkono hivi," akasema. "Nilidhani unawaambia vile nakata herufi."

Nimewahi kuibiwa, nimewahi kutukanwa na mgeni aliyepoteza kofia, lakini sijawahi kuona aibu kama ya siku ile. Nililia pale pale kwenye kigoda cha watu. Yeye ndiye aliyenipa kitambaa, chenye madoa ya wino.

Jioni nilimpigia simu Mzee Mutua, aliyekuwa ameshastaafu. Nilikuwa nimepanga kumpigia Enosi simu nieleze, au nimwandikie Mama Dorika ujumbe mzuri. Mzee Mutua alinisikiliza hadi mwisho.

"Ulisema mbele ya watu ukiwa umesimama," akasema. "Utajirekebisha kwa simu ukiwa umekaa? Nenda."

Nikaenda. Binti yangu, ambaye ni muuguzi, alikaa na Jerusa kwa siku hizo mbili. Ndipo nikajua wanaishi Kawangware, mwendo wa dakika ishirini kutoka getini kwangu, kwenye njia niliyopitisha wageni mara sijui ngapi. Zakayo nami tulifika Vihiga Jumamosi asubuhi. Sebule ilikuwa imejaa watu kwenye viti vyenye vitambaa vya kufuma. Enosi alikaa karibu na mlango, Mama Dorika karibu na dirisha, na mbele kabisa shangazi yao mkubwa ambaye kila mtu alimwita Senje. Senje hakunikaribisha chai kwanza. Aliniangalia kuanzia viatu.

"Na wewe kwenu ni wapi?"

"Kabiria, Nairobi."

"Huko ni kwa kupanga. Nauliza kwenu."

"Ndiko kwetu, Senje. Hata nyanya yangu alizaliwa huko."

Walinihurumia wote kwa pamoja. Mzee mmoja alitikisa kichwa kama aliyepewa habari za msiba. Kisha nikasimama, nikasema kwamba Zakayo hakuniambia neno lolote. Hadithi ile niliitunga mimi. Nilipoulizwa na Mama Dorika kama ni yeye aliyesema, nilidanganya.

"Sababu gani?" Senje akauliza.

"Wageni waliipenda."

Enosi alinyanyuka.

"Huyu mama alidanganya akiwa huko," akasema. "Sasa tutajuaje hadanganyi akiwa hapa? Si Zakayo ndiye amemleta?"

Lilikuwa swali la haki. Nilimwangalia Zakayo. Alikuwa ameinamisha kichwa, mikono magotini, na wino kwenye kucha. Nilimwona mtu ambaye sehemu yake duniani inapimwa kwa maneno yangu, na maneno yangu hayakuwa na thamani tena.

"Zakayo, simama karibu naye," Senje akasema. Kisha akanigeukia. "Haya. Tuelezee huyu mtu sasa. Akiwa hapa."

Nikaanza. Nikasema huyu ni Mzee Zakayo, anachonga mihuri ya raba River Road kwa wembe, herufi kinyumenyume, bila kuchora. Makanisa yanamwamini. Amekaa miaka mitatu akimtunza mkewe Jerusa asiyeweza kusimama, na ndiyo sababu hajaja Desemba. Basi. Nikatafuta kingine cha kusema. Miaka sita nimemsimulia mtu huyu kila Jumamosi, na mambo niliyoyajua kwa hakika yaliisha kabla sijavuta pumzi mara mbili. Sikujua ana watoto wangapi. Sikujua nani alimfunza kazi. Nilisimama pale na mdomo wangu maarufu, sina kitu.

"Ndiyo hayo tu ninayojua," nikasema. "Mengine nilikuwa nayabuni."

Enosi hakuwa ananitazama tena. Alikuwa anamtazama kaka yake.

"Jerusa hasimami?"

"Hasimami."

"Ulisema ni mgonjwa. Mimi nilidhani ni malaria, mnakaa tu huko mnatusahau."

"Ningesema nini? Ningesema namwosha kama mtoto? Mbele ya nani?"

Enosi alikaa chini. Alifunika uso kwa kofia yake, na mabega yakatikisika. Mama Dorika akasema kwa sauti ya chini kwamba na yeye amekosa, maana alibeba maneno bila kwenda kumwona mwenyewe wakati wote wawili walikuwa mji mmoja. Senje hakungoja zaidi. Alichukua panga pembeni mwa kabati, akatoka, na sisi tukamfuata kama wageni wangu wanavyofuata mwavuli. Alitupitisha migombani hadi kwenye kipande cha chini, palipokuwa na nyumba iliyojengwa hadi juu ya madirisha na kuachwa bila paa. Zakayo ndiye aliyeanza kuijenga, kabla Jerusa hajaugua. Senje alichomeka panga ardhini mara nne, pembe nne, akiita kila ndugu aone.

"Hapa ni kwa Zakayo," akasema. "Na hiyo paa, Enosi, utamsaidia."

Wakati wa kuondoka alinifungia mkungu wa ndizi. "Peleka huko kwenu," akasema, "hata kama ni Kabiria."

Baada ya hapo nilibadilisha kanuni ya Mzee Mutua, kwa idhini yake. Mlango wa mtu hauzibwi, ni kweli, lakini mwenye mlango ndiye aulizwe tusimame wapi. Zakayo alisema tuje watano watano upande wake, na maneno atasema mwenyewe. Maelezo yake yalikuwa mafupi na hayakumliza mtu. Alikata herufi moja, akagonga karatasi, akampa mgeni, akasema, "Haya, nendeni, nina kazi." Wageni wengine waliona ni kidogo. Niliwaacha waone hivyo. Vijana, mkikuta mtu hai kwenye njia yenu, msimsemee kitu ambacho hamwezi kumwambia machoni, na msipokijua kitu semeni hamkijui. Mtaona haya kwa dakika moja, kisha mtavuka barabara inayofuata.

Mwaka jana Jerusa aliweza kukaa kitini, na paa likawa tayari. Enosi alikuja mwenyewe na gari la kukodi, wakaweka godoro nyuma, wakasafiri kwa vituo vingi. Chini ya ngazi sasa kuna kijana anauza vifuniko vya simu.

Matembezi yangu ya mwisho yalikuwa na wageni kumi na mmoja. Nilimwomba yule kijana ruhusa, akatusogezea sanduku moja pembeni. Nikawaambia hapa aliketi mchonga mihuri. Mwanamke mmoja akauliza, "Alienda wapi?" Ninyi mliokuwepo mlinishangaa, kwa sababu badala ya kujibu nilitoa simu.

"Mzee Zakayo, niko River Road na wageni. Wanauliza uko wapi. Niwaambie nini?"

Nilisikia kuku, kisha sauti yake.

"Uko upande gani wa barabara?"

"Upande wako."

"Sawa. Waambie niko nyumbani. Jerusa yuko kwa veranda, anapukuchua mahindi na ule mkono mzuri." Akaongeza, "Halafu waambie vile nilikuwa nakata herufi."

Nikawaambia yuko nyumbani, na Jerusa yuko kwenye veranda anapukuchua mahindi. Kisha nikaweka mwavuli chini, nikawaeleza vile alivyokuwa akikata herufi.